Naenda kujitambulisha ukweni Tanga na Kiswahili changu cha Nakuru, nisaidieni

Mgeni wa Nakuru
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni Mkenya, mtu wa Nakuru, niko Dar kikazi. Kiswahili nimekiongea tangu utotoni na shuleni nilikuwa nakipasi, kwa hivyo nilivuka mpaka nikijua upande huo sina shida. Kumbe! Asubuhi moja nikafika kwa mama ntilie karibu na kazini, nikamwambia, "Nipe chapati mbili na chai ya maziwa." Akashika kiuno, akaniangalia. "Kaka, kwanza umeamkaje?" Foleni nzima ikacheka. Sasa pale jina langu ni Nipe.

Ofisini ndio usiseme. Juzi mwenzangu alikuja amependeza, nikamwambia leo umepiga luku. Akauliza, "Ya shilingi ngapi?" Hapa luku ni umeme, kwetu ni mavazi yaliyokaa sawa. Nikisema "hiyo kitu", mtu wa pembeni anadakia "hicho kitu!" kama mwalimu wa zamu. Sikasiriki. Tunacheka pamoja, na mimi nawacheka vile wanasalimiana mpaka chai inapoa.

Sasa shida yenyewe. Mchumba wangu kwao ni Pangani, na mwezi ujao naenda kujitambulisha. Ananiambia baba yake ni mtu wa kusikiliza sana mgeni anavyoongea. Je, nianze kujifunza lafudhi ya huko, ama niende na hii yangu? Na ni mambo gani yanaweza kuniangusha? Naombeni ushauri (mmeona, nishaanza kuomba).

Mwana wa Chumbageni
Nipe, karibu Tanga. Lafudhi usiiguse kabisa. Mtu wa Nakuru akianza kuvuta maneno kama amezaliwa Pangani, mzee atadhani unamkejeli.

Kazi yako iko kwenye salamu. Piga hodi, ngoja karibu, vua viatu. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, mmoja mmoja, siyo moja ya jumla halafu unatafuta kiti. Ukiitikiwa marahaba usidhani mmemaliza. Utaulizwa za huko utokako, za safari, wazee hawajambo, na kazi je. Kila swali ni nzuri, salama, hawajambo, hata kama basi liliwafia njiani kwa saa tatu. Habari ya basi utaitoa baadaye mkishakaa, na hapo itanoga zaidi.

Mama Wawili
Naongezea hapo. Ukiambiwa "pole na safari", usishtuke ukauliza kwani kumetokea nini. Shemeji yangu mmoja wa Kisumu alifanyiwa hivyo akadhani kuna msiba, akakaa amenyong'onyea sebuleni. Jibu ni "ahsante, nimeshapoa", basi. Na ukimkuta mama mkwe anachambua mchele, wewe ndiye wa kumwambia pole na kazi.

Halafu hiyo "nipe" iache Dar. Maji unayaomba: "Mama, naomba maji ya kunywa." Uyaseme taratibu.

Jirani wa Kisumu
Wakenya wenzangu, tuache kujidharau pia. "Nipe" siyo tusi, ni kuokoa wakati. Mtu wa Dar atakuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za jana, halafu mwisho akwambie chapati zimeisha.

Mie wa Darajani
Hahahaa, hilo kweli. Lakini wee Chumbageni, tangu lini nyie watu wa Tanga mkawa walimu wa Kiswahili? Kiswahili mnachofundishwa huko ni cha kwetu Unguja, mie nnakwambia. Mgeni njoo kwetu tukufunze vizuri. Sokoni utanunua tungule, mbatata na kotmiri, asubuhi utakula boflo kwa chai, na watoto watakwenda skuli.

Mzaramo Asilia
Kotmiri ndiyo nini? Hiyo ni giligilani.

Jirani wa Kisumu
Hiyo ni dhania jamani.

Mvita
Mwanangu wa Nakuru, ndoo nikwambie. Sisi Mombasa watu wa bara wakija twawateka, watu wa Dar nao wawateka nyinyi, wa Unguja wawateka wa Dar. Kwa hivyo wewe usione haya. Enda na ulimi wako, adabu usiisahau.

Mzaramo Asilia
Mombasa mnateka watu na mnaitana ndoo. Nikija huko nitembee na polisi.

Mvita
Kuteka ndiko huko kucheka kwenu. Na ukiitwa ndoo uje, usende kisimani.

Ng'wana Shinyanga
Mgeni, kuna jambo hawajakwambia. Maneno mazito Pwani hasemi muoaji, anasema mshenga. Wewe siku ya posa unaweza hata usiwepo. Sasa mchague vizuri. Mshenga wetu tulipokwenda kumposea mdogo wangu alikuwa Msukuma mwenzetu, na sisi r na l hatuzigombanishi, inayotangulia ndiyo inayotoka. Alitaka kusema tumekuja na mahari, ikatoka "tumekuja na mahali". Mzee wa upande wa pili akauliza, "Mahali gani hapo?" Walicheka mpaka kina mama ndani wakachungulia. Posa ilipokelewa, na mpaka leo bwana harusi anaitwa Mahali.

Kwa hiyo tafuta mtu mzima anayejua kuongea na wazee, umpe kazi. Wewe siku ya kujitambulisha ni kusalimia, kula unachowekewa, na kujibu unachoulizwa.

Mwalimu Mstaafu
Nimetajwa kwenye zamu, naitika.

Kijana, Kiswahili chako cha darasani na cha hao wanaokucheka kina chimbuko moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati moja ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, vitabu vya shule vifanane. "Hicho kitu" unakijua, uliandika kwenye mtihani. Ila Nakuru ukitoka darasani unakutana na Mgikuyu, Mkalenjin na Mjaluo, kila mmoja na lugha yake ya nyumbani, na Kiswahili ndicho cha stendi na sokoni. Lugha ya stendi haina muda wa kupatanisha ngeli. Wiki chache za kujisikiliza zinatosha: kitu hicho, vitu hivyo, maji haya.

Na wakikusumbua sana ofisini, wasikilize wakitaja magari yao. Watasema "gari yangu" kila siku ya Mungu. Vitabu vinasema gari langu. Waulize wewe zamu hii.

Mvita
Mwalimu umenitonesha. Mkutano wafanyiwa kwetu Mombasa, lahaja yachaguliwa ya Unguja! Na Krapf, yule mmisionari, alipofika hapa 1844 alianza na Kimvita chetu cha Mombasa.

Mie wa Darajani
Na Askofu Steere akakaa kwetu akaandika Kiunguja. Mlishindwa, kubalini yaishe.

Mukubwa wa Lubumbashi
Nyiye bote munatuchekesha. Huku kwetu Kongo batu banasema "muzuri", na mutu akiongea kama nyiye tunasema iko anaongea Kiswahili bora, sawa mutu wa redio. Ndugu wa Nakuru, ukikuya huku hakuna mutu atakusahihisha. Njo vile.

Mzaramo Asilia
Uzi umefungwa, mshindi kapatikana.

Mama Wawili
Mzaramo wewe kaa kimya, bibi yako hana r hata moja, anaitwa Mzalamo na anakubali.

Mgeni wa Nakuru
Asanteni sana wote. Nimefanya kama mlivyosema: lafudhi nimeiacha, salamu nafanya mazoezi na mlinzi wa ofisini, ananihoji mpaka habari za mifugo. Mshenga nimepata, ni mzee wa Muheza tunayefanya naye kazi.

Sasa sikieni. Nimemsomea mchumba uzi huu, amecheka mpaka akakaa chini. Anasema mama ndiye Mpangani. Baba kwao ni Newala, Mtwara, aliletwa Tanga mdogo, wazazi wake walipokuja kukata mkonge kwenye mashamba, na mpaka leo akikasirika anasema "ntoto huyu nkorofi". Kumbe anasikiliza wageni kwa sababu yeye mwenyewe walimsikiliza sana!

Mwana wa Chumbageni
Kwa hiyo nimekuandaa kwa ajili ya Mmakonde?

Nnima wa Newala
Nimepita kimya muda wote, sasa nimeitwa. Nkwe wetu huyo, nsinchekeche tena. Shikamoo zile zile Nipe, ila mshenga wa Muheza mwambie atukute sisi kwanza. Mahari tunaipanga upya.

Ng'wana Shinyanga
Mwambie asiseme mahali.