Keshia katoroka na mauzo ya duka: mwajiri aanzie wapi? (Unguja)

Mkunazini77
Assalaam alaykum. Duka la jumla hapa mjini, mauzo ya Ijumaa jioni hadi Jumapili yalikuwa kwenye sefu yakisubiri benki. Jumatatu keshia hakutokea, simu haipatikani, sefu imefunguliwa kwa ufunguo. Mwenye duka aanzie wapi? Na kijana akiwa keshavuka bara, kesi imekufa?

DaftariLaMauzo
Waalaykum salaam ndugu yangu. Ripoti polisi leo leo, upate namba ya RB (ya kitabu cha taarifa cha kituo), na sefu isiguswe mpaka askari waione. Wakimaliza, hesabuni mbele ya mashahidi wawili, wote watie saini. Kesi nyingi zinaharibika hapo: mtu anataja kiasi kwa hasira, kesho anakibadilisha, wakili wa mshtakiwa keshapata pa kushika.

Kujua kilichotakiwa kuwemo kwenye sefu, chukua chenji ya kuanzia, jumlisha mauzo ya taslimu, toa matumizi yenye hati, toa zilizopelekwa benki. Mfano: 300,000 + 14,850,000 − 420,000 − 6,000,000 = 8,730,000. Mkikuta 310,000 kwenye sefu, zilizopotea ni 8,420,000, basi. Mali kauli za wateja (walizochukua kwa mkopo) usizitie humo, wala mshahara wake usiukate. Hizo hesabu nyengine.

Shangani_Sheria
Kosa lenyewe ni wizi wa mtumishi, kwa hivyo ionekane kuwa ni mwajiriwa na fedha zilikuwa mikononi mwake kwa kazi: mkataba, kopi ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na karatasi aliyosaini kupokea ufunguo. Hii ya mwisho wengi hawana. Kama ufunguo wa pili anao mtu mwengine, useme mapema, usingoje kuulizwa mahkamani.

Kuvuka bara hakuui kesi. Polisi ni jeshi moja la Muungano. Jalada linafunguliwa kosa lilipotendeka na taarifa hupelekwa mkoa wowote. Na akirudisha pesa msidhani yameisha: kuendelea au kuacha ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka.

KameraWete
Rikoda ya kamera inafuta picha za zamani diski ikijaa, toeni nakala sasa. Kisha shika simu yenye saa sahihi kando ya skrini ya rikoda, piga picha saa zote mbili pamoja. Rikoda ikiwa nyuma dakika 40, anayeonekana kutoka saa 12:10 asubuhi katoka 12:50, na boti ya saa 1 huenda hakuiwahi. Majina ya abiria wataomba polisi, wewe hutapewa. Waambie wasitazame bandari ya Malindi na uwanja wa ndege tu: kuna Mkokotoni, kuna bandari bubu (zisizo rasmi), na akija huku Pemba kuna Mkoani na Wete.

Mkunazini77
Shukrani. Picha yake tuisambaze WhatsApp? Na aliyemdhamini kazini, na mama yake, tuwafanyeje?

Shangani_Sheria
Picha wape polisi. Ukiisambaza atabadilisha laini, na mahkama ikimwona hana hatia utajibu wewe. Mama mwacheni kabisa, hana kosa la mwanawe. Kumzuia mtu nyumbani kwake ni kosa jipya, na safari hii lenu. Mdhamini, someni alichosaini: kama aliandika kuwa atalipa upotevu, mdaini kwa kesi ya madai. Kama alisema tu kwamba anamjua kijana, hamna cha kumdai.