Elkhart (Indiana) au Linn (Iowa): wapi nitapata mafundi wa kushona?

Fundi_Matakia: Wakuu, nafungua karakana ndogo ya kushona matakia na viti vya RV, zile nyumba za magurudumu. Mashine nane za kuanzia. Jengo si tatizo, hofu yangu ni watu. Kati ya kaunti hizi mbili, wapi nitawapata, na wapi watakaa?

Kaka_Goshen: Elkhart mafundi wapo, mkuu. Sehemu kubwa ya RV za Marekani inatengenezwa huku, mtu anajua stepla ya upepo kabla hujamwajiri. Kazi ni kuwashika. Wengi wanalipwa kwa kipande: wanaingia alfajiri, hesabu yao ikitimia saa saba mchana, kwaheri. Wewe mgeni ukija na malipo ya saa watakucheka. Halafu RV zikidoda, kaunti nzima inalala. 2009 wasio na kazi walikaribia asilimia 20. 2018 walikuwa asilimia 2 hivi. Ama wanakupangia foleni, ama unawabembeleza.

MamaBukavu_CR: Linn washonaji wa viwandani si wengi, nisikudanganye. Ila sisi Wakongomani tupo tele Cedar Rapids, mji mkubwa wa Linn, na Iowa City ya jirani, na wengine cherehani tumeishika tangu kambini. Chuo cha Kirkwood kipo, na Iowa ina mpango wa 260E: chuo kinakopa kugharamia mafunzo ya waajiriwa wapya, na deni hilo linalipwa kwa kodi inayokatwa kwenye mishahara yao. Uliza kama karakana ndogo inakubaliwa. Shida ni zamu. Mama mwenye watoto wa shule hawezi kuingia saa kumi na moja alfajiri. Weka saa mbili hadi saa nane na nusu, uone watakavyokuja.

Mpwani_Ohio: Kaka, mbona Waamish, wale Wakristo wanaoishi kizamani, hukuwataja? Wengi wako viwandani huko, na kazi yao haina mchezo. Ila hawaendeshi magari. Asiyefika kwa baiskeli atahitaji kubebwa, hiyo gharama iweke mapema.

Kaka_Goshen: Kweli kabisa. Na Iowa asisahau usafiri wa mzigo. Matakia ni mepesi lakini yanajaza lori upesi, na mpaka huku ni saa tano hivi barabarani.

Fundi_Matakia: Hapo ndipo kichwa kinaponiuma, wateja wote wako Elkhart. Mama, nikianza saa mbili, wanne nitapata?

MamaBukavu_CR: Wanne tu? Njoo Jumapili baada ya ibada. Ila beba mashine moja na kipande cha ngozi, uwaone wakishona. Usichukue maneno yangu.