Tenisi: mguu wa mbele unakanyaga mstari kila nikianzisha mpira

Raketi_Mkononi: Wakuu, natumia mkono wa kulia. Nasimama sentimita mbili hivi nyuma ya mstari wa nyuma wa kiwanja, lakini mpira ukigongwa kidole tayari kiko juu ya rangi. Hilo ni kosa hata kama sijaingia kiwanjani? Na nitalimalizaje bila kupoteza nguvu?

MstariWaNyuma: Ni kosa. Mstari wenyewe ni sehemu ya kiwanja, kwa hiyo kuugusa tu kabla ya raketi kukutana na mpira kunatosha. Kwenye mpira wa kwanza unabaki na wa pili, kwenye wa pili pointi imekwenda. Mguu ukiwa hewani juu ya mstari si kosa, na ukishagonga, tua ndani utakavyo.

Sentimita mbili ni chache mno. Mguu wa mbele hukaa ukiwa umelazwa kidogo, unatazama nguzo ya kulia ya wavu. Kiuno kikianza kuzunguka, unajizungusha juu ya sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kinarudi nyuma na ncha ya kiatu inageukia wavu. Hapo hujapiga hatua hata moja, lakini ncha imeshasogea mbele. Rudi nyuma sentimita 8 hadi 10. Kiwanja kina urefu wa mita 23.77, hizo hutazisikia kwenye nguvu.

Chaki_na_Udongo: Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila kagua pia urushaji. Mpira ukirushwa mbele mno, mwili unaufuata na mguu unaburutwa. Jipime hivi: rusha bila kugonga, uache udondoke. Uangukie ndani ya kiwanja, kama urefu wa kiatu kimoja mbele ya vidole vyako. Ukianguka hatua nzima mbele, mguu hauna kosa, mkono ndio wenye kosa. Shika mpira kwa ncha za vidole, si kiganjani, nyoosha mkono, uachie ukifika usawa wa macho. Mpira ukipanda huku unajizungusha, ujue vidole vimeukunja.

Halafu chora kiatu cha mbele kwa chaki, anzisha mipira 10, kila mara tazama ncha imetoka wapi. Kwenye kiwanja cha udongo huhitaji chaki, alama inabaki yenyewe. Simu iweke chini kabisa, sambamba na mstari. Ukirekodi kwa juu, picha itakudanganya.

MstariWaNyuma: Nyongeza kwa wanaovuta mguu wa nyuma uungane na wa mbele: mara nyingi huo wa nyuma ndio unaoupita wa mbele na kukanyaga. Uishie nyuma ya kisigino cha mbele. Ukishindwa kuudhibiti, acha miguu yote miwili ikae pale pale ilipoanzia.

Raketi_Mkononi: Asanteni sana. Na ile alama fupi iliyo katikati ya mstari wa nyuma?

Chaki_na_Udongo: Ichukulie kama imeendelea kwenda nyuma bila kikomo. Ukisimama upande wa kulia karibu nayo huku umeupa wavu mgongo sana, mguu wa nyuma unaangukia nyuma ya alama hiyo, na ni kosa hata kama wa mbele ni safi. Sogea kulia nusu hatua.