Tupeane uzoefu: kazi za viwanda vya mazao na vyakula Arusha na Moshi, ujuzi ulijifunzia wapi?

Wakuu, salaam.

Nasimamia zamu kwenye pakihausi moja upande wa Usa River, tunafungasha maharage machanga ya kwenda nje. Kila msimu tunaajiri vijana, wengi wana diploma za kilimo na usaili wanajibu vizuri. Shida inaanza mzigo ukitoka shambani na kuingizwa chumba cha baridi. Kijana anachoma kipimajoto kwenye maharage ya juu ya kreti, kinasoma nyuzi 7, anaandika "sawa" na kupitisha. Katikati ya kreti maharage bado yana joto la jua, na hayo ndiyo yatakayolegea safarini mpaka mzigo ukataliwe.

Anayewaelekeza ni mama mmoja wa darasa la saba. Anazamisha mkono mpaka chini, anatoa haragwe moja, analivunja karibu na sikio. Likikatika kwa mlio, kreti inapita. Likipinda kwanza, anaiweka pembeni na hakuna wa kumbishia. Mama huyu mpaka leo analipwa kama kibarua kwa sababu hana cheti. Inaniuma sana.

Tuambiane: kazi yako ulijifunzia wapi, na chuo kilikuachia wapi?

Mkazi wa Hai
Mkuu, umegusa penyewe. Mimi nipo kituo cha kukusanyia maziwa. Laktomita, kile kipimo cha kugundua maziwa yaliyoongezwa maji, kila mtu anajua kuitumbukiza, ila wengi hawajui kwamba inasoma sawa kwa joto maalumu tu, nyingi nyuzi 20. Maziwa yakiwa bado ya vuguvugu, inazama zaidi na kusoma chini. Kijana anaona 26, anamtangazia bibi wa watu mbele ya foleni kwamba ameweka maji. Bibi kaamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe, anarudi na ndoo yake analia. Nimeliona kwa macho yangu.

Aliyenifundisha kupima joto kwanza, kisha kurekebisha namba, ni mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha maziwa. Akanionyesha na kipimo cha alkoholi: unachanganya na maziwa kiasi sawa, ukiona chembechembe ujue yameshaanza kuchachuka. Ni somo la asubuhi moja tu, na linaokoa heshima ya watu.

Fundi Baridi
Nilisoma umeme VETA (vyuo vya ufundi stadi), majokofu nikajifunza kwa kumshikia spana fundi mkubwa pale mtaa wa Unga Limited, Arusha. Vyumba vya baridi vingi ninavyoitiwa havijaharibika. Mlango unaachwa wazi watu wakipakia, hewa yenye unyevu inaingia, inaganda kwenye mabomba, feni inakosa pa kupuliza. Wenyewe wakiona joto linapanda wanazidi kushusha nyuzi, na barafu inaongezeka. Wafundisheni wapakiaji kwanza, fundi aje baadaye.

Binti Kibosho
Kwenye parachichi ni hivyo hivyo. Aina ya Hass haiivi ikiwa mtini na ngozi inabaki kijani, kwa hiyo huwezi kuikadiria kwa macho. Unakatakata nyama yake, unapima uzito, unakausha kwenye maikrowevu mpaka uzito usishuke tena, unapima upya. Uzito uliobaki usipofika asilimia 21 hivi ya ule wa kwanza, matunda yaliyobaki yaache mtini. Mimi nilifundishwa na mnunuzi, chuoni tulisoma mbolea na wadudu tu.

Mzee wa Njiro
Mleta uzi, huyo mama msimwache hivyo. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini: anapimwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti bila kuanza darasani. Waashi, mafundi magari na wapishi wameshapata. Ulizeni kama usindikaji wa vyakula upo. Kama haupo, waajiri wa huku andikeni barua kwa pamoja muombe.

Mleta uzi
Asante sana mzee wangu. Jumatatu naenda kuuliza mwenyewe, na barua nitaiandika nikipata wa kusaini nao. Mwenye kiwanda au kikundi aje inbox. Wa unga na alizeti bado hatujawasikia, karibuni.