Mume wangu ana faktari V Leiden: binti yetu apimwe kabla ya kuanza vidonge?

MamaZuhra: Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naandika kutoka Rotterdam, ninakoishi na mume wangu, Mholanzi. Mwaka jana damu iliganda katika mshipa wa mguu wake. Shavu la mguu lilivimba hata soksi ikaacha alama ya kina, nasi tukadhani ni uchovu wa safari ndefu. Vipimo vilionyesha kuwa amerithi faktari V Leiden, hitilafu ya jeni inayofanya damu igande kwa urahisi; anayo nakala moja. Binti yetu wa miaka 17 anataka kuanza vidonge vya uzazi wa mpango kwa sababu hedhi inamtesa. Tena dada yangu aliyeko Tanga alipata bonge la damu kwenye mapafu majuma mawili baada ya kujifungua, akaambiwa ana upungufu wa protini S, protini inayosaidia kuzuia damu isigande kupita kiasi. Je, mtoto amerithi pande zote mbili?

FundiMaabara: Dada, tutenganishe mambo hayo. Faktari V Leiden, iliyopewa jina la mji wa Leiden ilikogunduliwa mwaka 1994, ni badiliko dogo la jeni linaloifanya protini C, inayozuia damu kuganda kupita kiasi, ishindwe kuizima upesi faktari V, protini inayogandisha damu, hivyo damu huendelea kuganda kupita haja. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika ni nadra. Kwa kuwa baba ana nakala moja, uwezekano wa binti kuirithi ni nusu kwa nusu. Hapa ndipo vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinapoleta shida: utafiti wa Leiden wa mwaka huohuo ulikadiria kuwa, kwa wanawake vijana wasio na jeni hiyo wala vidonge, anayeganda damu ni kama mmoja kati ya 10,000 kwa mwaka, lakini wenye vyote viwili hufikia 28 hivi. Ni wachache bado, ila kwa nini ajiongezee hatari ilhali zipo njia nyingine? Apimwe, kipimo hicho husoma jeni yenyewe, kwa hiyo siku yoyote inafaa.

Bi Mwanaidi: Mimi ninayo nakala moja, na nimezaa watoto wawili bila bonge lolote, nikichomwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, baada ya kila uzazi. Nilishauriwa kuepuka estrojeni, nikawekewa kijiti cha projestojeni, homoni nyingine ya uzazi wa mpango. Mwanangu, mwambie daktari pia kuhusu hedhi hiyo, maana kitanzi cha shaba, ingawa hakina homoni, huweza kuizidisha.

FundiMaabara: Nimesahau la protini S. Ujauzito huishusha, na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huishusha pia, kwa hiyo kipimo cha wakati huo hakithibitishi kwamba mtu amerithi upungufu. Dada yako alipimwa lini?

MamaZuhra: Nimempigia sasa hivi. Alipimwa akiwa bado wodini, warfarini ameshaanza, na hakuna aliyemwambia arudie. Nimemwomba amuulize daktari wake ni lini inafaa kurudia, wala asiache dawa kwa ajili ya kipimo. Binti ana miadi Jumanne.