NYUMBA KUBWA WETE 🏠: orodha ya visikizio

*Alkhamisi*

19:42 Da Salma: Assalaam alaykum. Ami Seif anaondoka Maskati Jumapili kuja huku. Anayetaka visikizio vipya vya Bluetooth aniandikie leo. Lakini sipokei jina la mtu ambaye hajasafisha vya zamani. Vingi vinavyoitwa vibovu humu ni uchafu tu.

19:43 Da Salma: Kila mtu aniambie: upande gani unakufa mwanzo, kasha la kuchajia linawaka taa au haliwaki, na anachajia waya gani. Na picha ya pini za ndani ya kasha. Picha iwe na mwanga, si ile ya kibatari.

20:15 Da Salma: Naziona tiki za buluu. Mmesoma.

20:31 Abuu: Waalaykum salaam. Mie upande wa kushoto ndo unakufa, kuanzia sikio mpaka unyayo 😂

20:32 Da Salma: Abuu.

20:33 Abuu: Haya bwana. Cha kulia kinakwenda saa tatu, cha kushoto hata saa moja haitimii. Ntie kwenye orodha.

20:36 Haji Fundi: Asitiwe bado. Abuu, kitoe cha kushoto ukitazame pale penye vidoti vya dhahabu. Vikiwa na utando, kisikizio hakiingii chaji hata kama kinakaa ndani ya kasha siku nzima. Kasha linakwambia 100, chenyewe kimelala na 15. Pangusa kwa kijiti cha pamba kikavu. Ukikataa kutoka, tone moja la spiriti kwenye pamba, usilimimine kwenye kisikizio.

20:38 Haji Fundi: Halafu pini za kasha. Zile zina springi chini yake. Zibonyeze moja moja kwa kijiti, ukiachia zirudi juu. Inayobaki chini ndiyo mgonjwa. Sindano usitie, kisu usitie. Ile dhahabu ni rangi nyembamba tu juu ya chuma, ukishaikwaruza hewa yetu hii ya chumvi inamaliza kazi iliyobaki.

20:39 Da Salma: Na wanaopaka mafuta ya nazi kichwani kisha wanatia visikizio hapo hapo, mnajijua.

20:40 Bi Time: 🙈

20:44 Abuu: Pini zote zinaruka. Vidoti safi sasa.

20:46 Haji Fundi: Vizuri. Virudishe vyote viwili, vijae, kisha upime tena. Ikiwa cha kushoto bado kinawahi kufa, tazama simu inatumia maikrofoni ya upande gani. Unaobeba maikrofoni unakula zaidi. Wewe kutwa uko kwenye simu, basi leo zungumza na kimoja, kesho na chengine, vizeeke pamoja.

20:47 Abuu: Kama mke wa kwanza na wa pili

20:47 Da Salma: Una hata mmoja?

20:48 Zuleikha: 😂😂😂😂

21:02 Mwanakhamis: Langu kasha haliwaki kabisa. Nachomeka kwenye chaja mpya ya simu, simu inaingia, lenyewe kimya. Ntieni kwenye orodha.

21:04 Haji Fundi: Waya wa chaja hiyo una vichwa sawa pande zote mbili? Vile vidogo vyenye pembe za duara?

21:04 Mwanakhamis: Ndiyo.

21:07 Haji Fundi: Basi kasha lako huenda ni zima. Chaja ya kichwa hicho, cha C (USB-C), haitoi umeme mpaka ihisi kuna kitu upande wa pili, na inahisi kwa resista mbili ndogo (vipande vya kuzuia umeme) za kilo-omu 5.1 ndani ya kasha. Makasha ya bei rahisi, kiwandani hawazitii. Chukua ule waya wa zamani, upande wa chaja kichwa kikubwa bapa, upande wa kasha C. Jaribu sasa hivi.

21:15 Mwanakhamis: Limewaka!!!

21:15 Da Salma: Jina limekatwa.

21:16 Mwanakhamis: Aa Da Salma, mie nnataka vipya lakini

21:20 Kombo: Na chaja ya wati 65 ya laptopu? Haiunguzi?

21:23 Haji Fundi: Haiunguzi ikiwa ya kweli. Kasha huvuta linachokitaka, volti 5, mara nyingi nusu ampea au pungufu. Wati 65 ni uwezo wa chaja, haisukumi zote. Kinachoua betri ni joto. Ikipita sentigredi 45 haitakiwi kuchajiwa kabisa, na kuanzia 35 inazeeka haraka. Kwa hiyo: si dirishani penye jua, si kwenye dashibodi ya gari, si juu ya king'amuzi. Weka juu ya sakafu ya saruji au meza, kifuniko kimefungwa. Ile chaja ya kulaza kasha juu yake bila waya nayo inatia joto zaidi ya waya, tumieni mkiwa na haraka tu.

21:25 Da Salma: Na msingoje vikate roho ndipo mvirudishe. Ikisema betri ndogo, vitoeni masikioni. Kila mkivimaliza mpaka sifuri mnavikata umri.

21:26 Da Salma: Kabla mtu hajaandika "vibovu" ajue hesabu. Betri ya simu ni kama 5000 mAh, ndiyo kipimo cha chaji inayobeba. Ya kisikizio kimoja ni 40, 50 hivi. Zote zinahesabiwa kwa chaji kamili, mara 300 mpaka 500, baada ya hapo uwezo unashuka mpaka asilimia 80 ya ule wa upya na kwenda chini. Simu unaijaza mara moja kwa siku, kisikizio kinajazwa mara mbili, tatu. Baada ya miaka miwili kikikaa saa mbili badala ya nne, huo ni uzee. Na vimegandishwa kwa gundi, kubadilisha betri yake mara nyingi kuna gharama kuliko kununua.

21:31 Mjomba Faki: Hayo yote ni pale umeme upo. Ukikatika tunachajia nini? Tungekuwa na jenereta letu hapa Wete.

21:33 Bi Asha (Mpendae): Tumeanza.

21:34 Mjomba Faki: Nimesema jenereta tu. Lilivuka kuja kwenu mwaka 2010 Unguja ilipokuwa kiza, tukasema ndugu zetu. Hiyo ni miezi mitatu. Sasa ni miaka mingapi?

21:36 Bi Asha (Mpendae): Muulize aliyelipokea bandarini Mkoani. Na kabureta muulize aliyelipeleka.

21:36 Abuu: Jenereta zima la kuchaji mAh 40 😂

21:37 Da Salma: JAMANI. Orodha. Umeme ukikatika pawabenki inatosha, kasha zima halifiki 600.

21:40 Haji Fundi: Inatosha lakini mjue jambo. Pawabenki nyingi hujizima zikiona mvuto mdogo, zinadhani hakuna kitu. Kasha likikaribia kujaa linavuta kidogo sana, pawabenki inalala, mnaamka mnakuta 70. Baadhi yao ukibonyeza kitufe mara mbili inaingia hali ya vifaa vidogo, taa inabadilika. Yako kama haina hiyo, chomeka na simu pamoja.

21:52 Bi Mkubwa: 🎤 0:52

21:58 Da Salma: Nawaandikia wasio na bando. Bi Mkubwa anasema: la jenereta, aliyelimaliza ni marehemu, na marehemu hadaiwi kwenye simu. Lisitajwe tena humu. La pili, nyumbani kwake mtu asilale na kitu kinachochaji kitandani. Jana kainua mto wa Nassir kakuta kasha lina moto. La tatu, Ijumaa hataki fundi kumwaga vyuma ukumbini.

22:06 Mjomba Faki: Nimesikia mama. Niwie radhi.

22:07 Bi Asha (Mpendae): Labeka Bi Mkubwa.

22:09 Haji Fundi: Nassir. Moto wa namna gani? Vuguvugu ni kawaida. Kama mkono hauvumilii, chomoa sasa. Kifuniko kinafunga sawasawa? Kuna upande umetuna? Kisikizio kimefunguka kwenye mshono?

22:10 Abuu: Nassir analalia bomu 😂😂 ndo maana anaamka mapema siku hizi

22:10 Da Salma: Abuu hii si ya kucheka. Nassir jibu.

22:11 Zuleikha: Jamani na mie, vya Ilham vimeingia ndooni, nimevifukia kwenye mchele.

22:13 Haji Fundi: Vifukue. Mchele hautoi maji yaliyo ndani, unaacha vumbi la wanga kwenye matundu ya sauti. Vifute, toa zile mpira za masikioni, vilale nje ya kasha mbele ya feni siku nzima. Kasha nalo wazi, limeinamishwa. Usivirudishe na unyevu, hata wa jasho: pini zina umeme, ndipo ule ukutu wa kijani unapoanzia.

22:14 Mjomba Faki: Mchele mlioutumia msiupike pilau la Jumapili.

22:41 Nassir: Ndo nimeona. Kifuniko hakifungi, kimenyanyuka kona moja. Kilikuwa kinafunga.

22:42 Haji Fundi: Betri imevimba. Usiichaji tena. Usibonyeze kifuniko kifunge, usitoboe. Lichomoe, tia kwenye mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu, uweke nje kivulini mbali na majani. Na kamwe lisiende kwenye taka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Betri ya lithiamu motoni inaripuka. Niletee mwenyewe.

22:43 Da Salma: Nassir wa kwanza kwenye orodha. Amestahiki.

22:43 Nassir: Haya. Mkebe wa maziwa unafaa?

22:44 Haji Fundi: Unafaa. Bila kifuniko.

*Ijumaa*

07:12 Bi Time: Mie vyangu nimevitia kabatini mpaka Ramadhani. Viko salama?

07:30 Haji Fundi: Inategemea kasha lina kiasi gani. Kasha likifa na visikizio vimo ndani, aina nyingi hazijui kama zimefungwa, zinajiwasha na kuisha zenyewe. Vikikaa tupu miezi, betri inashuka chini ya volti zake za mwisho na kinga ya ndani inakataa kupokea chaji. Usiviweke vimejaa wala vitupu. Kasha kwenye 50, mahali pa baridi, kila baada ya miezi miwili uongeze kidogo.

07:33 Bi Time: Kabatini kuna udi.

07:34 Haji Fundi: Udi hauna neno 😀

10:05 Da Salma: Mpaka sasa nina Nassir, na Mwanakhamis anayeng'ang'ania. Wenye simu za kisasa watazame kwenye mipangilio ya Bluetooth, visikizio vyengine vina sehemu ya kulinda betri, inasimamisha chaji kwenye 80 mpaka karibu na saa za kutumia. Iwasheni. Sasa Ijumaa imekataliwa. Haji anaweza kuja kuvitazama na kuvisafisha Jumamosi baada ya alasiri au Jumapili asubuhi. Ukumbini kwa Bi Mkubwa au barazani?

10:06 Da Salma: Na spiriti nani ananunua? Chupa ndogo moja, na vijiti vya pamba.

12:50 Kombo: Spiriti ya duka la dawa au ya jiko?

12:58 Haji Fundi: Ya duka la dawa, asilimia 70 na kwenda juu. Ya jiko ina rangi, inaacha utando.

13:40 Mwanakhamis: Jumapili mie nina arusi.

14:02 Mjomba Faki: Jumapili Ami Seif ataondoka saa ngapi? Orodha si lazima impate kabla?

14:03 Da Salma: Ndo nilichosema toka jana!!! Kwa hiyo Jumamosi?

16:27 Fatma (Unguja): 👍

16:28 Da Salma: 👍 ya nini Fatma, ya Jumamosi au ya spiriti?