Ukoo wa Kongwa: Jumatano, mguu wa Yohana

Mama Yohana: Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu. Tumetoka kliniki salama. Bonge la damu bado lipo kwenye mshipa nyuma ya goti ila halijaongezeka. Dawa anaendelea mpaka miezi mitatu itimie, ndipo apimwe tena. Sasa kijana wenu ananiambia Jumamosi ana mechi. Mimi nimesema mpaka mdomo umekauka, semeni nyie.

Yohana: Mama jamani, kunishtaki kwenye grupu tena

Yohana: Shikamooni wote. Mechi yenyewe ya mtaa tu, Ipagala na Nzuguni. Ila kuna kocha wa daraja la pili anakuja kuangalia vijana. Mguu hauumi. Natembea, nakimbia, hogo la plasta limetoka kitambo.

Neema: Hogo limetoka, akili imebaki humo ndani

Babu Kongwa: MARAHABA YOHANA. NEEMA HESHIMU KAKA YAKO.

Shangazi Mvumi: 🎤 2:41

Mjomba Meshaki: Dada nipo barabarani naelekea Singida, hizo sauti zako sisikii. Andika.

Shangazi Mvumi: Nasema hivi. Toka mwanzo niliomba mtoto aletwe Mvumi nimchue. Mguu uliotoka kwenye hogo lazima uvimbe, damu imelala. Unauchua na mafuta ya moto, damu inaamka. Nyie mkakimbilia mashine, sasa anameza vidonge kama mzee.

Dada Tumaini: Shikamoo shangazi. Bora hakuja 🙏 Mguu ungevimba wote kidogo ningenyamaza. Huyu kigimbi kimoja kilijaa, ngozi ina joto, ukikibonyeza anaruka. Utrasaundi ikaonyesha damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge la namna hiyo halichuliwi, linaweza kumeguka. Kipande kikipanda kinapita kwenye moyo, moyo unakisukuma mapafuni, kinaziba. Hapo mtu anakata pumzi mnamwangalia.

Shangazi Mvumi: Mungu wangu

Shangazi Mvumi: Marahaba mwanangu. Mbona zamani tulichuana na hatukufa

Dada Tumaini: Waliokufa ghafla mlisema wamerogwa, shangazi

Neema: 🙊🙊

Yohana: Sawa dada, lakini si ndiyo maana nakunywa dawa ya kuliyeyusha? Likiyeyuka si nimepona?

Dada Tumaini: Hiyo dawa haiyeyushi kitu. Inazuia damu isizidi kuganda, bonge lisikue. Kulimaliza ni kazi ya mwili wenyewe, polepole. Na wakati mwili unafanya hiyo kazi, damu yako popote itakapotoka itachelewa kukata. Mimi Jumamosi siuogopi mguu. Naogopa kona. Mpira umeinuliwa, umeruka na beki wao, mmegongana vichwa. Mtu mwingine anapata nundu. Wewe damu inavuja ndani ya fuvu, hakuna anayeiona, unanyanyuka unacheza, jioni unaanza kutapika na kuona giza.

Mama Yohana: Umesoma Yohana?

Yohana: Nimesoma

Baba Mdogo Elia (Kanada): Shikamoo Baba, shikamoo dada. Shemeji poleni sana. Huku kumekucha sasa hivi ndiyo naona. Yohana, huku mpira wao ni magongo ya kwenye barafu, na jambo lako wachezaji wa huku wanalijua vizuri kuliko unavyodhani.

Babu Kongwa: MAGONGO NAYAJUA. MWAKA 1980 TIMU YETU ILIKWENDA OLIMPIKI MOSCOW. INDIA WALITUFUNGA 18 BILA.

Neema: Babu 18???

Babu Kongwa: NA DHAHABU WAKACHUKUA WAO. SISI BAYI NA NYAMBUI WALITULETEA FEDHA KWENYE RIADHA. ENDELEA ELIA.

Baba Mdogo Elia (Kanada): Ahsante Baba 😂 Ya huku ni vurugu zaidi. Kumbamiza mwenzako ukutani ni halali, na kile kisahani wanachopiga kinaruka kilomita 150 kwa saa na zaidi. Sasa kulikuwa na mtu anaitwa Pascal Dupuis, wa Pittsburgh, kombe kubwa la huku, la Stanley, alikuwa ameshachukua 2009. Desemba 2013 akaumia goti, kano ikakatika, akapasuliwa. Baada ya upasuaji damu ikaganda mguuni. Unaona inavyofanana na yako? Mguu umeumia, mguu umetulizwa, damu imelala. Akatibiwa, akapona, akarudi uwanjani msimu wa 2014. Alicheza mechi 16 tu. Novemba wakamkuta na bonge jingine, sasa liko mapafuni.

Mama Yohana: Ee Bwana

Baba Mdogo Elia (Kanada): Akawekwa nje si chini ya miezi sita. Akarudi TENA. Ila safari hii akawa mtu wa kupimwa pimwa, kifua kikibana kidogo anatolewa. Hebu fikiria unacheza huku unasikiliza kifua chako. Desemba 2015 akasema basi, ana miaka 36. Juni 2016 wenzake wakachukua kombe. Aliruhusiwa kuvaa jezi na viatu vya barafu, akaingia akalinyanyua pamoja nao, lakini fainali hizo aliziangalia pembeni.

Yohana: Huyo alikuwa mzee ba mdogo. Mimi nina 19.

Baba Mdogo Elia (Kanada): Nilijua utasema hivyo. Andrei Vasilevskiy, golikipa wa Tampa Bay, alikuwa na 21. Damu iliganda karibu na mtulinga wa kushoto, 2015. Miezi michache baadaye, Aprili 2016, nahodha wake Steven Stamkos, miaka 26, naye mtulinga wa kulia. Timu moja!

Mjomba Meshaki: Timu moja? Hao walitupiwa kitu

Dada Tumaini: Mjomba 😄 Hapana. Kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza kuna kinjia chembamba, mshipa wa mkono unapita hapo. Kwa watu wengine kinabana mno, na mtu wa kunyanyua mikono kutwa nzima mshipa unasagika mpaka damu inaganda. Hao wanapasuliwa, ubavu unaondolewa, mshipa unapata nafasi. Chanzo kimeonekana, chanzo kimetolewa.

Baba Mdogo Elia (Kanada): Ndiyo hivyo. Wote wawili walirudi wakachukua makombe mawili, 2020 na 2021.

Yohana: Na Stamkos alikaa nje muda gani?

Baba Mdogo Elia (Kanada): Hata miezi miwili haikuisha. Alipasuliwa mwanzoni mwa Aprili, tarehe 26 Mei akacheza.

Yohana: MNAONA SASA

Neema: Ba mdogo umeharibu kesi

Baba Mdogo Elia (Kanada): Sijaharibu. Tulia umalizie. Kabla ya hapo alikuwa anateleza na wenzake mazoezini, ana nguvu zote, timu iko nusu fainali, watu wanalia wanamtaka. Hakuruhusiwa kugongana na mtu mpaka alipotolewa kwenye dawa. Nahodha! Mchezaji wa mamilioni ya dola! Kilichokuwa kinamzuia ni dawa, kwa sababu ile ile ya kona aliyoisema dada yako.

Dada Tumaini: Ahsante ba mdogo. Yohana, chanzo chako kinajulikana, ni hogo na kulala wiki zote zile. Ndiyo maana daktari kakupa miezi mitatu badala ya maisha yote. Hiyo ni bahati. Dupuis hakuipata, kwake lilijirudia. Ukikatisha dawa katikati ili ucheze mechi ya mtaa, unajihamisha mwenyewe kutoka kundi la Stamkos kwenda la Dupuis.

Yohana: Kocha haji kila wiki dada

Mama Yohana: Na mimi sizai kila wiki

Mjomba Meshaki: 😂😂😂 Dada umemaliza

Baba Mdogo Elia (Kanada): Yohana nakuelewa, usidhani hatujui uchungu wake. Kuna mwingine nikupe, Kimmo Timonen, Mfinlandi. Agosti 2014 alikutwa na mabonge mguuni na kwenye mapafu yote mawili. Miaka 39, msimu wa mwisho aliokuwa amejipangia, kombe hajawahi kushika. Kila mtu akajua huyu kwisha. Akakaa nje miezi, akameza dawa zake, madaktari wakamruhusu, Februari 2015 akahamia Chicago. Juni wakachukua kombe. Desturi nahodha akishalibeba anachagua wa kumpa. Jonathan Toews alimpa Timonen kwanza. Akalizungusha, akastaafu papo hapo.

Mjomba Meshaki: Shemeji hiyo ungeanza nayo! Unatuulia mtoto na ya Dupuis kumbe una hiyo mfukoni

Mjomba Meshaki: Tumaini na mimi nina swali. Nikiendesha Dodoma mpaka Kigoma miguu yote inajaa, viatu vinabana. Ndiyo hayo hayo?

Dada Tumaini: Ikijaa yote miwili sawasawa na asubuhi imepungua, mara nyingi ni kukaa. Ila kapime presha na figo, usikae tu. Kila masaa mawili simamisha lori, shuka, tembea, kunywa maji. Siku ukiona mmoja umejaa peke yake na unauma, usisubiri Kigoma, ingia hospitali yoyote iliyo karibu.

Mjomba Meshaki: Maji nikinywa nitashuka kila nusu saa

Dada Tumaini: Si ndiyo vizuri

Shangazi Mvumi: Wifi, nilitaka kumletea mtoto mlenda Ijumaa, nimekausha mwingi. Nasikia na wenyewe wamekatazwa?

Mama Yohana: Nesi wa kliniki alisema apunguze mboga za majani, sikumwelewa vizuri

Dada Tumaini: Shangazi lete. Anatumia warfarini, na mboga za majani zina vitamini K inayoipunguza nguvu hiyo dawa. Ila haziachwi. Tatizo ni mtu kula mlenda na mchicha wiki nzima mpaka shingoni, wiki inayofuata hagusi hata jani. Kipimo chake cha damu, ile INR inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinatakiwa kati ya 2 na 3. Chakula kikiyumba nacho kinayumba. Kibakuli kile kile siku zote. Anachokatazwa ni diklofenaki na aspirini, goti likimuuma ale parasetamo. Na miti shamba yoyote aniulize kwanza.

Shangazi Mvumi: Kibakuli cha kiasi gani sasa?

Mama Yohana: Kile cha bluu wifi, unakijua

Babu Kongwa: NA BODABODA ASIPANDE.

Dada Tumaini: Babu umenena kuliko mimi 🙌 Bajaji au daladala.

Yohana: Haya. Nimempigia kocha wetu. Amesema yule wa daraja la pili atakuwepo na mwezi wa nane kwenye ligi ya kata.

Mama Yohana: Miezi mitatu inaisha wa saba

Yohana: Najua Mama. Jumamosi nitashika kibendera.

Mama Yohana: Kibendera si unakimbia pia? Tumaini?

Dada Tumaini: Pembeni mwa mstari, hakuna anayemgonga. Mimi naona sawa, ila kesho nitamuuliza daktari kabla sijamruhusu. Na Yohana, pumzi ikikata ghafla au kifua kikichoma ukivuta hewa, tupa kibendera, usisubiri filimbi.

Yohana: Sawa dada

Neema: Nzuguni wakiinuliwa kibendera cha kuotea mara kumi watakuja kwetu na marungu, nawaambia mapema